Jirani ndo hufika wa kwanza, na yeye pia amefiwa

Haya niliyaongea Nakuru mbele ya watu wanaojitolea wakati wa majanga, na kwa sababu wengi waliniomba maandishi nimeyaweka karibu vile yalivyotoka mdomoni.

Wazee wa nyumba kumi, machifu wetu, pasta, wamama, vijana wa boda, wahudumu wa afya ya jamii mliotoka Rongai, Subukia, Gilgil mpaka Naivasha, hamjambo? Asanteni kwa kufika. Najua leo ni siku ya soko na kuna mtu hapa amefunga kibanda chake ndio aje anisikize, kwa hivyo sitazunguka.

Niliambiwa niongee juu ya huruma wakati wa janga. Na nikisema hivyo najua picha inayokuja kwa akili ya wengi, kuna mtu amevaa reflekta anamfunika mama blanketi, huyu anasaidia, yule anasaidiwa, basi. Hiyo picha ni ya kweli lakini ni nusu. Kwa haya majanga yetu, mafuriko, maporomoko ya udongo, bwawa kupasuka, anayesaidia na anayesaidiwa mara nyingi ni mtu yule yule, na tusipolielewa hilo tutaendelea kuwaumiza watu huku tunadhani tunawahurumia.

Tuanze na Solai kwa sababu ni hapa karibu na wengine wenu mlikuwa huko. Jumatano usiku, tarehe 9 Mei 2018, mvua imekuwa ikinyesha sana, Bwawa la Patel likapasuka na maji yakashuka na matope na mawe mpaka kwa nyumba za watu. Watu 48 walikufa, wengi wao wamama na watoto. Sasa msifikirie asubuhi, wakati magari ya serikali yameshafika na Msalaba Mwekundu wako na kamera ziko, fikirieni zile dakika za kwanza kabisa kwa giza. Aliyekuwa pale ni yule ambaye nyumba yake ilibaki imesimama, na tochi ya simu na jembe, anaita majina. Anajua kwa ile nyumba hulala watoto na shosho yao, hajaambiwa na mtu yeyote, anajua tu kwa sababu hao ni majirani zake, watoto wao walikuwa wanacheza na wake jana. Na hapo anapochimba anatafuta wa kwake pia.

Miaka 6 baadaye, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, ikawa Mai Mahiu, kijiji cha Kamuchiri. Mwanzoni watu walisema ni bwawa, halafu ikaelezwa kwamba maji yalikuwa yamejaa nyuma ya tuta la reli baada ya kalvati kuziba, yakasukuma mpaka yakatoka yote mara moja na kufagia watu wakiwa kitandani. Zaidi ya watu 50. Na hiyo ni sehemu moja tu, ile mvua ya masika ya mwaka huo ilichukua karibu watu 300 nchi nzima. Mkienda upande wa Kisumu, watu wa Nyando na Kano watawaambia mvua inaweza kunyesha kule juu Nandi, kwao hakuna hata tone, halafu usiku mto unavunja kingo na unaamka ukiteremsha mguu kitandani unagusa maji. Wao hawangoji mtu, wanajua nani ana mtumbwi na mgonjwa yuko boma gani na ni nani atambeba mgongoni mpaka kwa barabara. Budalang'i kule Nzoia inapoingia ziwani, ni hivyo hivyo.

Na kuna mahali hata ukitaka kufika haraka huwezi. West Pokot Novemba 2019, mlima uliteremka usiku na barabara na madaraja yakaenda, waokoaji wakabaki ng'ambo wanatafuta njia. Chesongoch kule Marakwet, usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025, udongo uliporomoka, barabara zimekatika, ikabidi helikopta. Hayo masaa yote kabla helikopta haijafika, nani alikuwa anachimba?

Na hii si ya Kenya peke yake, msifikirie ni kwa sababu sisi hatuna pesa. Japani ni nchi tajiri, inajua mitetemeko kuliko karibu mtu yeyote, lakini Kobe ilipotetemeka tarehe 17 Januari 1995 na watu zaidi ya 6,400 kufa, waliookolewa kwenye vifusi, takriban robo tatu yao walitolewa na familia na majirani, si zimamoto wala jeshi. Mexico City vilevile, tarehe 19 Septemba 1985, vijana wa kawaida tu waliingia kwa mashimo kati ya zege lililoanguka wakiwa hawana kofia ngumu wala mafunzo, wakitoa watu mmoja mmoja, na kutoka hapo wakaunda kikosi kinaitwa Topos, yaani fuko, yule mnyama wa kuchimba chini ya ardhi, na mpaka leo hao husafiri kwenda kuchimba kwa wengine, hata Uturuki walifika 2023. Mtu aliyenusurika kwake akaenda kuokoa kwa mwenzake. Mimi hiyo hunigusa sana.

Sasa kuna uongo mmoja nataka tuutoe hapa leo. Watu wanaamini kwamba janga likipiga, binadamu anageuka mnyama, anakimbia ovyo, anakanyaga wenzake, anaiba. Marekani kuna watafiti, kina Enrico Quarantelli na Russell Dynes, walianzisha kituo cha kuchunguza majanga Ohio mwaka 1963, na miaka yote hiyo walivyochunguza vimbunga na mitetemeko na milipuko, walichokipata ni kinyume, hofu ya kukimbiana ovyo ni nadra, wizi wa wakati wa janga ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, kitu kinachotokea kwa wingi ni watu kusaidiana, hata wasiojuana. Kwa nini nawaambia? Kwa sababu ukiingia kwa kampi ukiamini hawa ni watu wa kunyang'anyana utawapigia kelele, utawapanga laini kwa fimbo, utawaita nyinyi watu. Na huyo mama unayemwambia arudi nyuma kwa laini usiku wa jana alikuwa amebeba watoto wa jirani wawili na wake mmoja akiwa kwa maji ya kifua. Huwezi kujua hivyo ukimwangalia, ameketi tu na leso imelowa.

Kwa hivyo ombi langu, na nitalirudia mpaka mchoke, ukifika mahali pa janga na reflekta yako, uliza kwanza nani ameanza kazi hapa. Uliza jina lake. Kuna mtu tayari amehesabu nani yuko na nani hayuko, kuna mtu anajua mlango ulikuwa upande gani kabla matope hayajafunika, yule ndio wa kusimama naye karibu na tingatinga, si kumsukuma nyuma ya utepe wa polisi alafu umlete mtu wa kukisia. Na akiwa hawezi tena, akikwambia ndugu yangu mimi nimefika mwisho, usimwambie jikaze. Mpe maji, mpe mtu wa kukaa naye, mwambie kazi imepokewa na iko na wenyewe. Watu wengi hukataa kuondoka kwa sababu wanafikiria wakiondoka kutafuta kutasimama, ukimhakikishia kwamba kuna mtu anaendelea na utamwita kukiwa na habari, utaona anaketi.

Hapo kwa kampi pia, tusiwaketishe watu kwa wiki wakingoja unga kama hawana mikono. Mama aliyekuwa anapikia harusi anaweza kusimamia jikoni ya watu 200, mwalimu anaweza kukusanya watoto chini ya mti, fundi anaweza kukaza turubai. Waulize wanaotaka, na asiyetaka muache, kuna mtu anahitaji kulala tu. Kuna viwango vya kimataifa vinaitwa Sphere, vilianza kuandikwa 1997, vinasema mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku na choo kimoja kisizidi watu 20, na choo kiwe na kufuli ya ndani. Watu husoma hiyo namba ya maji wanaruka ile ya kufuli. Msichana wa miaka 14 kwa kampi usiku, kufuli ya choo kwake ni jambo kubwa kuliko blanketi la pili, na hatakwambia wewe mwanamume na karatasi mkononi, kwa hivyo tuma mama mwenzake aulize.

Nije kwa hawa wanaookoa sasa, kwa sababu hapa ndo hatuongei kabisa.

Kuna kijana mmoja wa boda, niliwahi kumfunza huduma ya kwanza, sitasema wapi. Mafuriko yalikuja kwao akatoa watu kwa maji usiku kucha na kamba ya ng'ombe. Alisifiwa, picha yake ikazunguka, akaitwa shujaa kanisani. Wiki chache baadaye mama yake ananipigia ananiambia huyu mtoto halali, mvua ikianza tu anatoka nje anasimama kwa uwanja. Nilipoenda kumwona hakuongea juu ya wale aliowatoa. Aliongea juu ya mkono mmoja uliomponyoka. Alikuwa ameshika wawili, mmoja akateleza, na yeye anakumbuka huyo tu, na kila mtu aliyekuwa anampa mkono akimwita shujaa alikuwa anamkumbusha. Nilikaa naye. Sikumwambia ungefanya hivi au vile, sikumwambia Mungu ana mpango, nilimwuliza amekula, nikamwuliza analala wapi, tukaongea mambo ya pikipiki, akirudi kwa ile habari nasikiza, akinyamaza nanyamaza. Alafu tukampeleka kwa kaunsela na mimi nikamngoja nje.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia na ukiusoma si kitu cha madaktari, ni maneno matatu, tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini, nani ana shida ya haraka, nani amebaki peke yake. Sikiliza bila kumlazimisha. Halafu muunganishe na kitu anachohitaji, familia yake, chakula, habari za kweli, daktari. Na pale kwa kusikiliza mnisikize vizuri, kulikuwa na desturi ya kuwaketisha watu kwa duara siku mbili baada ya janga kila mmoja aeleze aliona nini kwa utaratibu, hiyo haipendekezwi tena, haijaonyesha inasaidia na inaweza kumzidishia mtu. Mtu akitaka kuongea mpe sikio, asipotaka mpe chai. Watu wengi, hata wale walioona vitu vibaya sana, siku za kwanza watakosa usingizi, watashtuka, watalia ghafla ama watakuwa baridi kabisa kama hawana machozi, na wengi hao watapata nafuu polepole wakiwa na watu wao na wakirudi kwa kazi zao. Ikipita mwezi na bado hawezi kulala, ama anakunywa sana, ama anasema heri angekufa yeye, hapo ni hospitali, na yule wa kusema heri afe usingoje hata siku moja. Simu ya Msalaba Mwekundu 1199 ni ya bure, si ya ambulensi pekee, kuna makaunsela huko wa kuongea nawe.

Na hawa wa mashirika na wa serikali nao ni watu. Polisi wa kituo kidogo amebeba maiti ya mtoto kwa mikono yake na jioni anarudi kwa nyumba ya mabati kulala peke yake. Yule kijana wa Msalaba Mwekundu mwenye orodha ya waliopotea, familia inakuja kila saa kumwuliza umepata, umepata, na wengine wanamtukana, mbona mmechelewa, mbona mnachimba huku na si kule. Ukiwa wewe ndio unatukanwa, usijibu, hiyo hasira si yako, ni ya mtu ambaye hana mahali pengine pa kuiweka. Lakini na sisi jamii tukumbuke huyo naye ataenda kwake. Nimeona wamama waliopoteza kila kitu wakiwachemshia waokoaji uji kwa sufuria ya kuokota, wakiwaambia kaa kidogo baba, kunywa, na nikaona mwanajeshi mkubwa analia na kikombe mkononi. Hakuna aliyepanga hiyo. Naamini huyo mama alipona zaidi kwa kumpa mtu uji kuliko angepona kwa blanketi tulilompa sisi.

Kuna jambo la miili ya waliofariki, na najua ni zito lakini lazima niliseme kwa sababu tunakosea kwa haraka. Watu huogopa kwamba maiti zikikaa zitaleta magonjwa, basi zizikwe haraka, hata kwa shimo moja. Wataalamu wa afya wamesema tena na tena kwamba mtu aliyekufa kwa maji au udongo kwa kawaida haleti mlipuko wa ugonjwa, magonjwa ya baada ya mafuriko hutoka kwa maji machafu na vyoo vilivyofurika na msongamano wa walio hai. Walioshika maiti wavae glavu na gambuti na wanawe mikono, ni kweli, na kama mtu alikuwa amekufa kwa kipindupindu hiyo ni hadithi nyingine. Lakini haraka ya kuzika bila kutambua haina sababu. Piga picha ya uso, andika nguo, andika mahali alipopatikana, mpe namba, muweke pahali pa heshima amefunikwa. Kwetu sisi, Mluhya, Mjaluo, Mkikuyu, Mkalenjin, kila mtu anajua uchungu wa kutojua mtu wako amelala wapi, kuna familia ambazo hawajamzika mtu wao mpaka leo na kila simu ngeni ikiita wanaruka.

Na hiyo picha ya utambuzi si ya kuweka status. Vijana, naongea na nyinyi na ninawapenda. Simu zenu zimeokoa watu, zimeita msaada, zimeonyesha barabara imekatika wapi, endeleeni. Lakini mtu asijue mamake amefariki kupitia grupu ya WhatsApp, akiwa kwa matatu anatoka Nairobi, ameona leso anayoijua kwa klipu ya mtu asiyemjua. Ukifika na kuna mtu amelala pale hajafunikwa, vua koti lako umfunike kabla hujatoa simu. Na watoto waliookolewa msiwaulize maswali mbele ya kamera, mtoto wa miaka 5 ametolewa kwa matope unamwuliza baba yuko wapi, jamani. Jina la mtoto na uso wake wapeni watu wa kuunganisha familia, wale wa dawati la Msalaba Mwekundu ama afisa wa watoto, hao ndio wa kujua.

Michango sitakaa hapo sana, mnajua. Lete kitu kisafi ambacho wewe mwenyewe ungevaa, kuna magunia ya viatu vya mguu mmoja yanafika kwa kampi na mtu mwenye huzuni anaketi kuyachambua siku nzima. Sodo, maziwa ya watoto, sabuni, dawa za presha na kisukari kwa wazee ambao zao zimeenda na maji. Na pesa kwa simu si matusi, mtu akipata elfu mbili yake mwenyewe anajua kama anahitaji nauli ya kwenda mochari ama kitabu cha mtoto, wewe huwezi kumjulia.

Kuna swali nimeulizwa kwa karatasi hapa mbele, anasema, sisi tunaojitolea tunapewa nini, tunatoka kwa janga na nguo zimeharibika, siku tatu hatujafanya kazi, na nyumbani watoto wanataka chakula. Hilo swali ni la haki kabisa na asiliaibikie. Huruma yenu haimaanishi mle hewa. Mimi nimewaambia kaunti na nitawaambia tena, mtu aliyeitwa kuchimba usiku apewe gambuti, glavu, tochi, chakula na nauli ya kurudi, na akiumia atibiwe bila kuulizwa kadi, na jina lake liandikwe siku ile ile ndio mwezi ukiisha tujue ni nani wa kwenda kumjulia hali. Lakini kabla wakubwa hawajakubali kuna sehemu tunaweza wenyewe. Chama kikiweza kununua sufuria na viti vya matanga, kinaweza kununua kamba mita 50, filimbi kumi na jozi za glavu, zikae kwa nyumba iliyo juu ya mteremko, na kila mtu ajue ni kwa nani. Na kila nyumba kumi wachague watu wawili ambao kazi yao baada ya janga si kuchimba, ni kuwatembelea waliochimba. Wiki ya kwanza, wiki ya nne, na mvua nyingine ikianza kunyesha, kwa sababu hapo ndo ile hofu inarudi.

Wale wa Subukia na Solai tukutane hapo nyuma karibu na jiko, wa Mai Mahiu na Naivasha mbaki hapa mbele, nina karatasi za kuandika majina ya hao wawili wawili na ningependa tusitoke kabla hazijajaa. Chai iko tayari, wazee waanze.